Mali Aliyochuma Marekani

"Kabla hujaapa kuukana uraia wetu, mama," afisa wa ubalozi wa Marekani, Paris, alisema, "jaza hapa mali uliyochuma kwetu."

Mireille alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Boston alizaliwa tu, baba yake akisoma huko, akapelekwa Ufaransa akiwa na siku ishirini. Leo ana miaka sitini, na bado Marekani inamdai kodi ya duka lake la mikate la Lyon, Ufaransa, eti kwa kuwa ni raia wake!

Alifungua pochi, akatoa kibangili cha plastiki cha wodi ya wazazi ya Boston, kidogo hata vidole viwili havipiti. Akakisukuma chini ya kioo cha dirisha la afisa.

"Mali yangu hiyo. Itozeni kodi."

"Ni hii tu?"

"Na nepi. Hiyo niliwaachia, imejaa."