Jiwe Katikati ya Mawaridi

Jumatatu ya Pasaka mzungu alifungua jumba lake la kilimani ili watu waje kulitazama. Mume wa Mama Katongo na binti yao Katongo walishangaa ngazi na madirisha. Yeye hakushangaa kitu. Alikuwa amesimama bustanini, kati ya mawaridi, macho kwenye jiwe kubwa lenye shimo.

Lilijaa maji. Shimo lake lilikuwa limelika zaidi upande wa kushoto.

"Usiguse, mama," mtunza bustani alimwambia kwa upole. "Ni ya ndege kunywa maji."

Mama Katongo alikuwa ameshapiga magoti. Kiganja chake kiliteleza majini kikifuata ule mteremko, laini kama sabuni iliyotumika. Mama yake mzazi alisaga ulezi hapa kwa mkono wake wa kushoto, akiimba, kabla kijiji hakijahamishiwa ufukweni mwa ziwa, Nchelenge. Siku ya kuhama kila mwanamke alibeba alichoweza. Jiwe dogo la kusagia lilibebeka; hili kubwa halikubebeka.

Katongo alimwinamia. "Mama, lile jiwe letu la kuzuia mulango lingeenea humu shimoni."

Mume wake aligeuka. Miaka yote alijikwaa kwenye jiwe lile la mlangoni, akataka kulitupa ziwani, na kila mara mkewe alikataa bila kusema sababu.

Mama Katongo aliyachota maji yote kwa viganja viwili, akayamwagia mawaridi. Kisha akafungua kitenge cha kiunoni, akalipangusa shimo polepole mpaka likakauka.

"Ngoja hapa," mume wake alisema, akaifuata baiskeli.