Chai ya Jukwaani

Mwanamke yule alikuwa amekaa pale pale tena, safu ya mbele, kilemba cha kijani, mkono mmoja ndani ya mkoba.

Godfrey alimchungulia kupitia upenyo wa pazia. Tumbo likamkata, kama Jumapili zote tangu mchezo huu uanze. Ni woga, alijiambia.

Kikundi chao cha waigizaji weusi kilikuwa na maigizo matatu msimu ule, hapo Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Bruxelles, Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani. Katika la kwanza Godfrey alikuwa mchungaji mwizi. Katika la pili, la nyimbo, alikuwa baba anayemuuza bintiye. Aliimba vizuri, lakini kinyozi wa karibu na Porte de Namur alikataa kumnyoa. "Kwanza urudishe mutoto," alimwambia, na hakuwa anatania. Sasa alikuwa mume anayemtilia mkewe sumu kwenye chai. Wiki iliyopita kiatu kilirushwa jukwaani kikampata sikioni.

Kiatu hakikumtisha. Anayerusha kiatu ameshamaliza hasira yake. Yule wa kilemba hakurusha, hakuzomea, hakucheka. Alimtazama mkono tu, kijiko kinapokoroga.

Wakati wa mapumziko Godfrey alitokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye gari la kikundi. Onésime, dereva, alikuwa amekaa humo kama kawaida. Hakuwahi kwenda kutazama mchezo hata mmoja. Alisema uongo wa bure anausikia wa kutosha.

"Kuna mwanamke anataka kuniua," Godfrey alisema.

"Bibi ya nani?"

"Sitanii, Onésime. Ana kitu kwenye mkoba."

"Bon. Kama ni kisu, kimbilia huku, nitawasha moteur." Onésime akacheka, kisha akajishika ubavu, akakunja uso. "Tumbo hii. Hata miye inanisumbua. Ni baridi ya Bruxelles." Akafungua thermos yake nyekundu, akammiminia tena chai, kama kila Jumapili. "Kunywa, ndugu. Maman ya nyumbani, bibi yangu, anatia tangawizi mingi. Kila dimanche, kama leo, ananipikia, kisha anaenda kanisa."

Godfrey akanywa, akaongezewa, akanywa tena. Ilikuwa chungu, lakini ilimpa moyo kidogo.

Sehemu ya pili aliimaliza kwa shida. Evaline, mke wa mchezoni, akaanguka na kikombe chake. Ukumbi ukapiga kelele. Taa zilipowaka, kiti cha safu ya mbele kilikuwa kitupu.

Akamkuta yule wa kilemba kwenye ujia wa vyumba vya kuvalia. Alikuwa peke yake, amesimama kati yake na mlango wa kutokea, mkono bado mkobani. Godfrey akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Mama, mimi ni mwigizaji tu," alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Evaline ni mzima. Yuko mle ndani anakula chipsi."

"Najua, papa. Théâtre ni théâtre." Mwanamke aliongea taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyefika kwa daktari. "Lakini mukono yako haitetemeke. Muntu hawezi kuonyesha kitu vizuri vile kama hajui kuifanya."

"Sijui chochote, mama. Naapa."

"Miye sina mubaya na weye."

Akautoa mkono mkobani. Hakikuwa kisu. Kilikuwa kichupa kidogo, kimebaki nusu. Akatazama kushoto na kulia, akasogea mpaka Godfrey akanusa tangawizi kwenye vidole vyake.

"Usiseme kwa chauffeur yenu, ni bwana yangu, anajua niko kanisa. Papa, ile yako inaua bibi siku moja tu. Yangu natiaka mu thermos yake kila dimanche, na bado anaendesha gari. Donc uniambie, nakosea wapi?"