Upande Mwekundu wa Upepeo

Jua liliwaka hadi mbao za jukwaa zikawa hazikaliki. Raili, mjane wa kocha wa zamani, akatoa mkobani upepeo wa rangi wa marehemu, ule aliowapa nao ishara wachezaji wake wa besiboli ya Kifini, akaanza kujipepea.

Papo hapo Ilmo, mkongwe wa timu, akachomoka kwenye kituo chake uwanjani kama mshale. Wapinzani wakapigwa na butwaa. Walipourusha mpira, alikuwa keshafika kituo cha nyumbani na kupata pointi.

"Nani kakwambia ukimbie?" kocha mpya akafoka.

Ilmo, huku anahema, akanyoosha kidole jukwaani. "Yule pale. Nimeona upande mwekundu: kimbia."

Uwanja mzima ukageuka.

"Jamani, nisameheni!" Raili akasema. "Nilikuwa najipepea tu."

"Asante, mama," Ilmo akavua kofia. "Siku nyingi mzee hajanituma."

Raili alidhani walishamsahau mumewe.

Kocha mpya akautazama upepeo wake mwenyewe wa ishara, akaukunja, akaketi. Mpigaji aliyefuata akashika gongo lake, akainua macho jukwaani, akangoja. Jasho lilimtiririka Raili, lakini upepeo hakuthubutu kuutikisa.