Sifa za Kimbunga

"Mseme, mama! Mseme mpaka mgeni achoke kuandika," mkwe alinong'ona, akimwekea mama mkwe wake mto mgongoni.

Mtafiti alivuta kigoda karibu na kitanda. Alitumwa na shirika linaloajiri wahudumu, akizunguka mtaani kuuliza jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa majumbani. Mhudumu wa mama huyu, nyumba nzima ilimwita Kimbunga.

Na jina alilipata kwa jasho lake. Alimwogesha mama kwa maji baridi, akamgeuza kama gunia la mkaa, akamnywea uji wake, kisha akaondoka na kumwacha amelowa. Vidonda vya mgongoni vilikuwa kazi ya mikono yake. Kila akitoka, mama alisaga meno: "Wacha. Siku yangu inakuja."

Sasa ilikuwa imekuja, imekaa kwenye kigoda.

"Kabla sijasema, mwanangu," mama aliuliza, "mtamfanyaje?"

"Akiwa mbaya, tutamfukuza. Akiwa mzuri, tutamhamishia kwa mzee aliyepooza mtaa wa pili, ashinde naye kutwa. Mzee mwenyewe hata kusema hawezi."

"Yule wa geti jekundu?"

Mtafiti aliinua macho. "Unamfahamu?"

"Namsikia tu." Mama alijiweka sawa kwenye mto. "Basi andika. Mikono yake pamba."

Beseni lilimponyoka mkwe.

"Maji je?"

"Vuguvugu. Na haraka hana, mtoto wa watu. Uji ananionjea kwanza, nisije nikaungua."

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Anaogeshwa nani hapa, mimi au wewe?"

Mtafiti aliandika mpaka akageuza ukurasa. Alipoaga, uso ulikuwa unamng'aa.

Mkwe alifunga mlango, mikono kiunoni. Kununa kukamshinda, akaangua kicheko.

"Kumbe! Umemsifu ili atuondokee! Mama, wewe si mtu wa kuchezewa." Kisha kicheko kikamkauka. "Lakini hata angefukuzwa, angetuondokea. Na yule mzee hata kupiga kelele hawezi. Yeye amekukosea nini?"

"Alinifungia mlango mvua inanyesha, mumeo mchanga mgongoni," mama alisema, akijivutia shuka. "Huyo ndiye baba mkwe wako, niliyewaambia ni marehemu."