Mlingoti wa Mpaka

Kila ghuba ilipoganda, nchi mbili jirani zilisimika mlingoti mmoja wa mpaka, wenye kitambaa chekundu kileleni, juu ya barafu. Mtu wa huku alitoboa barafu, wa kule akaushikilia. Mwaka huu, ulipokwisha kusimikwa, Ivalu alitumwa peke yake, ausogeze mbele ili eneo lenye samaki libaki kwao. Ndiyo kwanza ameung'oa, Tormod, mlinzi wa upande wa pili, akatokea na bunduki begani.

"Urudishe, dada."

"Nimetumwa. Wakubwa wako wakikutuma, wewe utakataa?"

Tormod akaukamata mlingoti. "Wameshanituma. Niusogeze kwenu."

Wakavutana, hakuna aliyekubali kuachia, hadi barafu ilipolia chini ya miguu yao. Ivalu akageuka. Ufa wa maji meusi ulikuwa umepita nyuma yake, na mwingine nyuma ya Tormod. Kipande walichosimama juu yake kilikuwa kimeanza kuelea kwenda bahari kuu, na pande zote mbili zilishakuwa mbali mno kurukia.

Tormod akaitua bunduki.

"Toboa," akasema kwa sauti ya chini.

Ivalu akachukua mtaimbo aliong'olea mlingoti akaanza kutoboa. Tormod akaushikilia mlingoti wima kwa mikono miwili, kitambaa chake chekundu kikipepea, ili yeyote atakayewatafuta, wa huku au wa kule, auone kwa mbali.