Mwenye Kosa na Asimame

"Useme wewe, Padre," Eleuterio alisihi kwa mara ya tatu asubuhi ile. "Neno moja tu kwa Padre Gombera, na yule mama atabaki kazini."

Padre Fidencio, mlezi wa kiroho wa shule, aliendelea kumwagilia mawaridi ya uani. Masikio yake yalikuwa mazima. Ulimi wake ndio uliofungwa.

"Jumanne ulikaa katika kiti cha maungamo tangu alfajiri. Aliyesababisha haya alikuja kwako. Usiniambie hukumsikia."

"Walikuja wengi, mwanangu."

"Basi angalau tikisa kichwa."

"Kikitikisika, jua ni baridi ya mlima Chimborazo." Mzee aliweka kopo chini. "Linalosemwa pale linaishia pale. Aliyelisema ana mdomo wake. Mfuate huyo, mimi niache na maua yangu."

Eleuterio aliondoka amekunja ngumi mifukoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha hesabu na kusimamia nidhamu katika shule hii ya wavulana mjini Riobamba, na kizazi baada ya kizazi kilimjua kwa kauli moja: mwenye kosa na asimame. Kioo kikivunjika, darasa zima lilikosa mapumziko mpaka mmoja ainuke. Na siku zote aliinuka mmoja. Leo ukali wote huo haukufua dafu mbele ya kizee chenye kopo la maji.

Balaa lilianza Jumatatu. Nusu saa kabla ya mtihani wa hesabu wa darasa la mwisho, karatasi ya maswali ilikutwa ikizungushwa katika uwanja wa mpira wa kikapu, ina doa kubwa la mafuta, wavulana wakiinakili kwa zamu. Mtihani ulifutwa. Wazazi walikuja juu, wakataka kichwa cha mtu. Karatasi zote zilichapwa na Doña Zoila, karani wa shule, zikafungiwa katika kabati lake. Na ufunguo wa kabati hilo ulikuwa mmoja tu, ukining'inia shingoni mwake pamoja na medali ya Bikira Maria. Kichwa kikapatikana. Saa sita mchana wa leo, Alhamisi, angeukabidhi ufunguo huo kwa Gombera, padre mkuu wa shule, na kwenda zake baada ya miaka ishirini na miwili.

Katika chumba cha walimu, Wilfrido wa kemia alikuwa na mdomo wake wa kila siku, macho kwenye kifurushi cha Eleuterio cha humita, vile vikate laini vya mahindi na jibini vinavyovuja mafuta.

"Profe, hizi humita zimekukosea nini? Tangu Jumatatu unashindia kahawa tupu. Mkeo akijua anasaga mahindi na jibini kwa ajili ya kupamba meza, atakuja hapa akusimamishe wewe."

"Tumbo halitaki."

"Lako limegoma, langu halina chama cha wafanyakazi. Lete huku."

Eleuterio alimsukumia kifurushi bila kukitazama.

Doña Zoila aliingia kuchukua kikombe chake. Macho yote yalimfuata kwa huruma.

"Jamani, msinitazame kama mnaaga maiti," alisema. "Profe Eleuterio, alama za darasa la nne nimekupigia chapa, ziko mezani kwako. Sitaki isemwe Zoila kaacha kiporo."

"Doña Zoila, mimi..."

"Najua. Unavyomwandama Padre Fidencio kwa ajili yangu, nani hajaona?" Alimshika mkono kidogo. "Mungu akulipe, kaka yangu."

Alitoka na kikombe chake. Eleuterio alibaki akiutazama ule mkono wake ulioshikwa. Hasira ilimpanda upya, na yote ilimwelekea yule mzee wa mawaridi. Ni neno moja! Mtu aliyehubiri haki kila Jumapili, leo haki ikimlilia mlangoni, anajifanya bubu!

Saa sita kengele iligongwa kwa sala ya Malaika wa Bwana. Walimu walisali wakiwa wamesimama, kisha wakaketi. Gombera alibaki wima mbele yao, uso umemsawijika.

"Jambo hili silipendi," alisema. "Lakini nimelipima kila upande. Nakala ya kusahihishia makosa ya chapa, Profe Eleuterio huichoma mwenyewe jikoni, kama ilivyo desturi. Zilizobaki zote zilikuwa kabatini kwa Doña Zoila. Kama yupo mwenye neno, aliseme sasa."

Eleuterio alimkazia macho Padre Fidencio aliyekaa kwenye kona karibu na dirisha. Sema, mzee. Sema, yaishe. Lakini mzee alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, kama msafiri aliyepitiwa na usingizi katika kituo kisicho chake.

Doña Zoila alivua kamba shingoni. Ufunguo ulikuwa umejisokota na medali. Alihangaika navyo muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hatimaye ufunguo ulichomoka, ukagonga meza.

Kiti kilikwaruza sakafu.

Wilfrido, kinywa kimejaa, alinyanyua macho akamwona mkuu wa nidhamu amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, vilevile wavulana walivyofundishwa.

"Ile ya kusahihishia sikuichoma, Padre Gombera," alisema Eleuterio. "Niliifungia humita zangu, nikaitupa uwanjani."