Nipunguzie Miaka Minane

“Nipunguzie miaka minane tu, mwanangu,” alisema mwokaji mikate, akiinama hadi paji la uso likakaribia kugusa kioo cha dirisha. “Kwani utapungukiwa na nini?”

Karani wa ofisi ya kumbukumbu za mikopo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mama, hapa watu huja kwa sababu majina yao yamekosewa, au wameandikiwa nyumba walizohama zamani. Hayo tunarekebisha. Tarehe yako ya kuzaliwa imekosewa?”

“Haijakosewa. Ndiyo maana inanikera.”

Maskini mama wa watu. Mikopo yote aliyowahi kuchukua aliilipa kabla ya siku yake. Tatizo lilikuwa ukurasa wa kwanza tu wa kumbukumbu zake, ambazo benki ingezitoa mezani: jina, anwani, simu, hali ya ndoa, na ile tarehe. Kesho yeye na mumewe, fundi viatu, wangekaa benki kutia saini mkopo wa tanuri jipya. Mume ndiye mdhamini, na mdhamini husoma kila ukurasa.

Nyumbani kwao ilijulikana kwamba mume amemzidi mke miaka mitatu. Kumbe mke ndiye aliyemzidi mume, tena mitano. Uongo huo aliusema kwa mzaha siku walipokutana, akikusudia kuusahihisha kesho yake. Kesho ikazaa kesho, na kitambulisho kikahamia chini ya pipa la unga. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imetimiza miaka ishirini na sita.

“Akinikuta mwongo kwa hili, ataniamini kwa lipi tena?” Aliogopa kweli. “Na siku hizi hayuko sawa. Juzi ameaga anakwenda kununua gundi, karudi jioni mikono mitupu, amenuna. Nimwongezee na hili?”

Karani alianza kubonyeza kompyuta yake.

“Kubadilisha siwezi, mama. Lakini una haki ya kujua yote tuliyoandika kukuhusu, na kila aliyeomba yabadilishwe.” Alichapa karatasi, akaipitisha chini ya kioo. “Soma hapo mwisho.”

Mwokaji alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

“Juzi: ombi la kupunguza umri kwa miaka minane. Mwombaji: mume. Limekataliwa, mwombaji si mwenye kumbukumbu hizi. Sababu aliyotoa: mke wangu asijue kwamba najua.”